Robo ya Kioo

“Mjomba, mimi niko wapi?”

Mpwa wangu ana miaka 12, na simu yoyote utakayompa atakuwa ameshaielewa kabla hujamaliza kumweleza. Swali hilo lilimtoka mbele ya televisheni moja iliyogawanywa vipande vinne. Alikuwa ameshika padi ya tatu, na kipande cha padi ya tatu kiko chini kushoto, lakini macho yake yalikuwa juu kulia, kwenye kipande cha kaka yake. Kwa karibu dakika nzima alihangaika kumwongoza mtu asiye wake, akishangaa mbona hamtii. Nikamwonyesha kwa kidole. Alipojiona tu, akapigwa risasi, na sebule nzima ikacheka, yeye wa kwanza.

Gemu ilikuwa TimeSplitters 2 ya mwaka 2002, kwenye mashine ya GameCube ambayo kaka yangu alirudi nayo kutoka Uingereza na ikalala stoo miaka mingi. Tangu jioni ile najiuliza ninatamani nini hasa ninapoitamani gemu hii na nyingine za kizazi chake, zile za kufyatuliana risasi watu wanne kwenye kioo kimoja. Hamu ni kitu cha ajabu. Inakuja na jina la kitu mdomoni, na mara nyingi jina lenyewe si sahihi.

Kwenye muziki tuna neno zilipendwa. Ni kitenzi kilichogeuka jina, nacho kimebeba wakati uliopita na kauli ya kutendwa. Aliyependa hayumo. Nyimbo zimebaki ndani ya neno, wapenzi wake wameachwa mlangoni. Wazungu, kwa upande wao, waliipa hamu ya namna hii jina la ugonjwa. Mwaka 1688 kijana wa udaktari, Johannes Hofer, aliandika tasnifu mjini Basel, Uswisi, akaunga maneno mawili ya Kigiriki, la marejeo na la maumivu, ili kueleza hali ya watu waliodhoofika kwa kukumbuka kwao. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa kuwarudisha. Mwaka 1798 mwanafalsafa Immanuel Kant aliitazama tiba hiyo kwa jicho jingine: wanaorudi hukuta kwao si vile walivyotarajia, na kuvunjika moyo huko ndiko kunakowaponya. Walidhani wanatamani mahali. Walichokuwa wanakitamani ni ujana wao.

Hoja hii ni nzito, na ndiyo anayotupiwa kila anayesifu gemu za zamani: hukupenda gemu, ulipenda kuwa na miaka 15 na likizo ndefu. Kuna ushahidi upande wake. Januari 2023 GoldenEye 007, gemu ya mwaka 1997 iliyofungua njia kwa hizi zote, ilitolewa upya kwa ajili ya mashine za Nintendo Switch na Xbox. Ukiishika leo, mikono iliyozoea gemu za sasa inakataa. Kulenga ni kugumu, nyuso za askari ni picha zilizobandikwa kwenye maboksi. Kant angekaa pembeni akatikisa kichwa.

Lakini mpwa wangu alizaliwa muda mrefu baada ya mwaka 2002. Hana ujana wa kuurudia mle. Hakuna zilipendwa yoyote inayomuunganisha na gemu ile, hata wimbo wa mwanzoni hakuwahi kuusikia, na bado ilipofika saa nne usiku alikuwa anaomba raundi moja zaidi. Basi kuna kitu ndani ya kitu chenyewe, na mtu ana haki ya kukidai bila kuambiwa anaulilia umri.

Nadhani nilikiona pale nyani walipotokea.

TimeSplitters 2 ina aina ya mchezo ambamo anayeburuza mkia hupewa kundi la nyani wa kumpigania. Mpwa wangu alikuwa wa mwisho kwa mbali. Ghafla kipande chake cha kioo kikajaa nyani, na kaka yake, aliyekuwa akitamba kwa nusu saa, akaanza kukimbia. Unaweza kuiona kama mzaha wa watengenezaji, na mzaha umo. Mimi naiona kama fikra kuhusu haki. Mtu aliketi ofisini akajiuliza: sebuleni kutakuwa na watu wanne, mmoja wao hajui kucheza, tumfanyie nini asiweke padi chini?

Swali hilo limetapakaa katika gemu zote za ukoo ule. Perfect Dark ya mwaka 2000, iliyotengenezwa na Rare ya Uingereza baada ya GoldenEye, iliwajaza ulingoni wapiganaji wa kompyuta wenye tabia zao. Kuna wa kisasi, anayemwandama yule aliyemuua mara ya mwisho na kuwaacha wengine wote. Kuna mwoga anayekimbia. Na kuna hakimu, ambaye kazi yake ni kumsaka anayeongoza. Gemu hiyo hiyo ilikuwa na namna ya kucheza hadithi ambamo mmoja ni shujaa na mwenzake anakuwa adui zake, askari mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya waliotengeneza GoldenEye walitoka Rare, wakaanzisha Free Radical Design mjini Nottingham mwaka 1999, na kwenye TimeSplitters 2 wakaweka wahusika 126, mtu wa theluji na mtu wa biskuti wakiwemo, pamoja na kifaa cha kujichorea viwanja vyako mwenyewe.

Watu husema gemu zile zilikuwa na vitu vingi, kisha wanaishia kuhesabu: silaha kadhaa, viwanja kadhaa, wahusika mia na ushei. Hesabu inapotosha. Gemu za leo zina vitu vingi zaidi, maelfu ya nguo na rangi za bunduki, na nyingi kati yake zinauzwa moja moja. Wingi wa zamani ulikuwa wingi wa sinia: umeandaliwa kwa sababu hujui nani atakaa mkekani, na kila mmoja apate cha kumfaa, mtoto, mgeni, hodari na asiyejiweza. Kaseti ya GoldenEye ilikuwa na megabaiti 12 tu, nafasi ambayo picha chache za simu ya sasa zinaimaliza, na humo mlikuwa na hadithi nzima ya kijasusi na uwanja wa watu wanne. Sehemu hiyo ya watu wanne iliongezwa mwishoni, kazi ikikaribia kukamilika. Mashine yake, Nintendo 64, ilikuwa na matundu manne ya padi mbele yake. Yalikuwa yanasubiri watu.

Kioo kimoja kilileta tatizo ambalo mpira hauna. Katika vibanda vya gemu vya mitaani kwetu, Dar es Salaam au Nairobi, mpira ndio uliotawala, na katika mpira wa kwenye televisheni wote wawili wanaona uwanja mzima. Hakuna cha kuficha. Katika gemu ya kuviziana, kujificha ndiyo roho ya mchezo, na maficho yako yamewekwa wazi sentimita chache kutoka kwenye macho ya adui. Akigeuza jicho kidogo amekujua uko nyuma ya mlango gani. Tuliita kuchungulia, na palizuka ugomvi wa kweli. Wapo waliobandika kadibodi katikati ya televisheni. Kadibodi haikuwahi kutatua chochote, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa uaminifu, na uaminifu ulisimamiwa na waliokuwepo: kwa lawama, kwa aibu, kwa makubaliano kwamba wote tunachungulia basi yaishe. Mwaka 2014 watengenezaji wa Australia walitoa gemu iitwayo Screencheat ambamo wachezaji wote hawaonekani, na njia pekee ya kumpata mwenzio ni kuangalia kipande chake. Kosa likawa sheria. Ni ushahidi mzuri kwamba kuchungulia hakukuwa dosari ya teknolojia duni. Ulikuwa uhusiano.

Kiswahili kinatenganisha kugawa na kugawana. Kugawa anaweza mtu mmoja akiwa peke yake chumbani. Kugawana kunahitaji mwingine, tena anayekuona unavyochukua. Televisheni ile ilikuwa ya kugawana, na kiambishi hicho kidogo kilivuta vingine nyuma yake: tulioneana wivu, tulilaumiana, tulisubiriana, tulisameheana maana chakula cha usiku kilikuwa kimoja. Robo ya kioo ni ndogo, kipindi kile hata ukungu wa picha uliongezeka wachezaji wakiwa wanne na mwendo ukawa mzito, na hakuna aliyeomba arudishiwe robo tatu zake.

Sasa hivi mashine inakutafutia kwenye mtandao watu wa kiwango chako. Usawa umekuwa kazi ya hesabu. Ukishindwa sana unashushwa kwa wanaoshindwa kama wewe, na ukiondoka nafasi yako inazibwa kabla hujaweka padi mezani. Hakuna haja ya nyani. Anayeshindwa si mtu wa kuangaliwa tena, ni mtu wa kuhamishwa. Najua mtandao una wema wake: kaka na dada waliotenganishwa na bahari wanaweza kucheza pamoja usiku huu, na sidharau hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mambo mawili tofauti yameitwa jina moja, na moja limekufa chini ya kivuli cha lingine.

Sababu za kufa kwake hazina siri. Kugawa kioo ni kuilazimisha mashine kuichora dunia mara mbili au mara nne kwa wakati mmoja, na kadiri picha zilivyozidi kupendeza ndivyo gharama hiyo ilivyozidi kuuma. Halo, gemu ya Marekani iliyolea kizazi kizima kwenye makochi tangu mwaka 2001, iliondoa kabisa kioo cha kugawana katika toleo la tano mwaka 2015. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2017 mkuu wa studio, Bonnie Ross, aliahidi hadharani kwamba gemu zao za namna hiyo zitakuwa nacho daima. Mwaka 2022 mpango wa kukiweka kwenye hadithi ya Halo Infinite ukafutwa. Kibiashara pia, watu wanne sebuleni ni mashine moja na nakala moja. Watu wanne mtandaoni ni mashine nne na nakala nne. Siwalaumu kwa kujua kuhesabu. Nawalaumu kwa kuita uamuzi huo maendeleo, kana kwamba kukaa na watu ni teknolojia iliyopitwa na wakati.

Kwa hiyo namjibu Kant nusu kwa nusu. Yuko sahihi kwamba sitairudia jioni yangu ya kwanza, na nisijaribu. Lakini hamu hii ina sehemu ya pili ambayo haihusu jana yangu. Ni madai juu ya namna ya kuwaweka watu wasiolingana ndani ya mchezo mmoja bila kumtoa aliye dhaifu, na madai hayo yanaweza kutimizwa Jumamosi yoyote.

Free Radical Design ilianguka mwaka 2008, ikanunuliwa, ikabadilishwa jina, ikafungwa. Ikafufuliwa mwaka 2021 ili itengeneze TimeSplitters mpya, na Desemba 2023 ikafungwa tena kabla gemu haijatoka. Mimi sisubiri mara ya tatu.

GameCube sasa iko kwa dada yangu. Padi ya tatu, ile ya mpwa wangu, kijiti chake kimelegea na kinavuta kushoto, lakini hataki abadilishiwe. Kama wewe nawe una mashine ya namna hii imefunikwa vumbi stoo, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu. Ifute, tafuta padi ya nne, uwaite.