Yakini na Dhana katika Tiba ya Mtoto

Mja anayemtegemea Mola wake ana haja gani na dawa, na akiisha kuitwaa dawa, aitwae kwa itikadi gani? Swali hili wanavyuoni wamelijadili kwa karne nyingi, na aghalabu wamelijibu kwa jumla, wakasema kwamba ugonjwa ni kudra na dawa nayo ni kudra, wala hapana ugomvi baina ya kutawakali na kujitibu. Jibu hilo ni sahihi, lakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakutosheka nalo. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya, penye mlango wa kutawakali, alizipambanua sababu za kuondolea madhara katika daraja tatu. Zipo za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Zipo za dhana, kama kutoa damu, kuumika na dawa za kuharisha, ambazo matabibu wameziona kuwa zafaa, ilhali hapana ajuaye kwa hakika kwamba zitamfaa mgonjwa huyu. Na zipo za kuwazika tu, na humo akatia kuchoma kwa moto na kuzinguliwa. Za kwanza, kuziacha penye hofu ya mauti ni haramu. Za pili, mtu ana hiari nazo. Za tatu, mwenye kutawakali kwa kweli huziacha.

Nimelirejea pambanuo hili kwa sababu ya jambo linalowakabili wazazi siku hizi. Mzazi ambaye mwanawe anahara huenda duka la dawa akatolewa pakiti ya probiotiki, yaani vijidudu hai, aghalabu bakteria wa ukoo wa wale wanaogandisha maziwa, waliokaushwa wakawa unga, akaambiwa kwamba hao ndio watakaolirudisha tumbo katika hali yake. Je, dawa hiyo ni ya daraja gani? Nauliza kwa kuwa naamini kwamba kuikosea sababu daraja yake si upungufu wa elimu peke yake, bali ni taksiri katika amana, na hasa amana yenyewe ikiwa ni mtoto mchanga, asiyeweza kuieleza kiu yake wala kukikataa anachonyweshwa.

Tuanze na lile la yakini. Mtoto anayehara, kinachomuua aghalabu ni kukaukiwa na maji na chumvi za mwili, na mama mzoefu huziona dalili zake kabla tabibu hajaitwa: utosi umebonyea, macho yamedidimia, kilio kimekosa machozi, na ngozi ya tumbo ukiibana kwa vidole viwili hukawia kurudi mahali pake. Mtoto huyu haja yake ni maji, lakini maji matupu hayamtoshi, maana utumbo uliougua huyaachia yapite. Sukari ikitiwa pamoja na chumvi, kila kimoja kwa kipimo chake, viwili hivyo hupenya ukuta wa utumbo vikiandamana, na maji huvifuata. Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika Bangaon, mpakani mwa India, na maji ya kutilia mishipani yakawa yamekwisha, tabibu Dilip Mahalanabis aliamuru chumvi na sukari zichanganywe kwa wingi, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawe ndio wanyweshaji; vifo vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Hayo ndiyo maji ya ORS tuyajuayo, anayonyweshwa mtoto kijiko baada ya kijiko, na akitapika angojewe kiasi cha dakika 10, kisha aanzishwe tena polepole. Pamoja nayo mtoto asiachishwe ziwa, na tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF wameagiza apewe na zinki kwa siku 10 hadi 14.

Ama hao bakteria wema, tumaini lao halikuzuka kwa upuuzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Henry Tissier wa Pasteur Institute, mjini Paris, aliona kwamba matumbo ya watoto wanaonyonya yamejaa bakteria wenye umbo la tagaa, ambao kwa watoto wenye kuhara huwa haba, akashauri wagonjwa wapewe bakteria hao. Na Elie Metchnikoff, wa chuo hicho hicho, aliyepata nishani ya Nobel mwaka 1908, aliyasifu sana maziwa yaliyoganda. Tena ukiyachungua maziwa ya mama utakuta ndani yake sukari za namna nyingi, ambazo kwa wingi hushika nafasi ya tatu baada ya laktosi na mafuta, na mtoto hana uwezo wa kuzimeng'enya. Ni riziki iliyowekewa bakteria wale. Mwenye kulitafakari hili hana budi kumsabihi Muumba, aliyejaalia katika ziwa moja chakula cha mtoto na chakula cha wageni wake wasioonekana. Lakini kuistaajabia hekima iliyomo katika maziwa si hoja ya kwamba unga wa dukani utafanya kazi ile ile katika tumbo lililokwisha kuvamiwa na maradhi. Baina ya hayo mawili kuna masafa, na masafa hayo hayakatwi ila kwa kujaribu.

Yakajaribiwa. Mwaka 2010 watafiti waliokusanya majaribio 63 waliona kwamba waliopewa probiotiki walipona mapema kwa kiasi cha siku moja, na wengi tukafurahi. Lakini mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa majaribio mawili makubwa na yenye kudhibitiwa kuliko mengi ya zamani, moja la Marekani kwa watoto 971, na jingine la Kanada kwa watoto 886. Nusu ya watoto walipewa bakteria na nusu unga usio na kitu, wala mzazi wala tabibu hakujua nani kapewa kipi. Marekani, kuhara kwa waliopewa bakteria kuliendelea kwa wastani wa saa 49.7, na kwa wenzao saa 50.9, tofauti isiyoweza kuhesabiwa kuwa tofauti. Na Kanada matokeo yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Mkusanyo ulipofanywa upya mwaka 2020, majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi yalielekea kuonyesha kwamba faida ni ndogo au haipo, ingawa matabibu wa watoto wa Ulaya wangali wanaona kwamba baadhi ya aina zaweza kutolewa.

Hapa Ghazali anatufaa mara ya pili. Katika kuwajibu wanafalsafa alitoa mfano wa pamba na moto, akasema kwamba jicho laona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini halikuona kwamba imeungua kwa moto. Kuambatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba hili limeletwa na lile. Yeye alikusudia kuitukuza kudra ya Mungu, wala hakukusudia kuwafunza matabibu, lakini onyo lake ladumu kila penye kitanda cha mgonjwa. Mtoto kapewa pakiti Jumatatu, Jumatano kapona, na mama anasema dawa imemponya. Asiloweza kuliona ni yule mtoto wa pili, aliyepewa unga mtupu naye akapona Jumatano ile ile. Kuhara kwa ghafula aghalabu hukoma kwenyewe, kwa hiyo dawa yoyote itolewayo siku hizo hujipatia sifa isiyoichuma. Naona taadhima kubwa kwa wazazi waliokubali watoto wao waingizwe katika majaribio yale bila kujua wamepewa nini, maana waliliweka tumaini lao mbele ya haki, likahukumiwa, ili wazazi wengine wapate kujua.

Atasema msemaji: tumaini halidhuru, mwache mzazi anunue. Nami namjibu kwamba penye fedha chache tumaini lina bei. Aliye na fedha ya kitu kimoja tu, akarudi nyumbani na bakteria bila ORS, ameiacha sababu ya yakini kwa ajili ya sababu ya dhana, na hilo ndilo Ghazali alilolikataza. Wala sisemi kwamba mlango wa dhana ufungwe. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba huko Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 walijaribiwa, na waliopewa bakteria wa aina moja pamoja na sukari ya kuwalisha walipungukiwa sana na maambukizi ya damu. Na katika Tanzania watafiti wamewahi kuona kwamba togwa, ule uji uliochachuliwa, huwapunguzia watoto vijidudu vya maradhi matumboni. Dhana ya leo yaweza kuwa yakini ya kesho, kwa maradhi haya au kwa mengine, nao wanaoichunguza kwa insafu wamo katika ibada.

Basi kutawakali hakumtaki mzazi aache sababu, wala hakumruhusu azichanganye. Kwanza ampe mtoto maji, chumvi, sukari, ziwa na zinki, na akiona damu katika choo, au mtoto amelegea asiweze kunywa, amkimbize hospitali. Akiisha kutimiza hayo, na ana fedha ya ziada, ana hiari na pakiti ile, maadamu mtoto ni mwenye siha na si njiti wala si dhaifu wa kinga. Na anayemuuzia amwambie yote mawili kwa ulimi wake: hili tunalijua, na hili tunalidhani. Kwani kuficha dhana katika vazi la yakini ni hiana kwa mtu aliyekuja na hofu yake mkononi, na mtoto ndiye atakayeilipa.