ISRAFU KAZINI: FAIDA YA SHAURI NI YA NANI?

Ama baada ya kumsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, swali letu ni hili. Tajiri akiwataka waajiriwa wake wamwonyeshe mahali mali yake ipoteapo, na mali ikaokoka, je, wana haki katika faida hiyo, au ujira wa mwezi umetosha?

Natutazame kinu cha kusaga mahindi, mtama na muhogo, mfano wa vile tuvionavyo Tarime, Sirari na Mugumu. Mwenyewe huketi mezani akihesabu fedha. Jioni akiona pungufu hudhani ameibiwa, akazidisha ukali. Ilhali kijana asimamaye penye mashine ajua ya kuwa mkanda umelegea, ya kuwa injini yanguruma bure kumngoja mteja wa debe moja, na ya kuwa unga wamwagika kwa sababu mfuko wa kupokelea umetoboka. Mbona hasemi? Hakuulizwa, tena aogopa. Akionyesha jinsi kazi ya watu watatu iwezavyo kufanywa na wawili, huenda wa tatu atakayeondolewa akawa yeye.

Wajapani wamelitazama sana jambo hili. Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, alihesabu namna saba za upotevu: kutengeneza kupita haja, kungoja, kuhamisha vitu bure, kazi isiyo lazima, akiba iliyozidi, mwendo usio na faida, na vitu vibovu. Upotevu kwa lugha yao huitwa «muda», neno ambalo kwetu ni wakati. Na ni mangapi tuyapotezayo ila huo wakati! Utaratibu wao wa kutengeneza mambo kidogo kidogo kila siku, uitwao kaizen, ulianza kufundishwa katika viwanda vya Tanzania mwaka 2013 kwa msaada wa Japani. Shina lake ni kwamba afanyaye kazi ndiye aonaye kasoro yake kwanza. Nasi tuna Suratu Sh-Shura, aya ya 38, iwasifuyo waumini kwa kushauriana. Walakini wengi wetu twahofia israfu ya unga, tukaisahau israfu ya akili ya mtu.

Ama jawabu: katika madhehebu ya Imamu Shafii, ujira wa mwajiriwa sharti ujulikane, na atendaye jambo zaidi bila ya kuahidiwa malipo hana madai. Matajiri wengine hukomea hapo wakafurahi. Lakini fiqhi ina mlango wa pili, nao ni ju'ala, yaani ahadi ya malipo maalumu kwa atakayetimiza jambo. Dalili yake ni kisa cha Nabii Yusuf, pale alipoahidiwa mzigo wa ngamia mtu atakayeileta pishi ya mfalme iliyopotea.

Basi tajiri na atangaze mbele ya wote: atakayeonyesha njia ya kupunguza dizeli, ikajaribiwa mwezi mmoja ikafaa, atapewa kiasi fulani. Kiasi na kitajwe, wala asiseme «nitakukumbuka». Jambo likitimia, malipo hayo ni deni shingoni mwake. Tena na aahidi kwamba hapana atakayefukuzwa kwa sababu ya shauri lililotolewa; kwani kumtaka mtu shauri kisha kulifanya shauri lake kisu cha kumkatia riziki ni khiyana, hata kama daftari laonyesha faida.

Na wewe mwajiriwa, fahamu ya kuwa mali iliyo mkononi mwako ni amana. Kukosa bakhshishi si ruhusa ya kuuacha mkanda ukatike nawe watazama. Sema kwa adabu, hata asiyekuuliza umwambie.

Msiseme kwamba biashara yenu ni ndogo. Palipo na watu watatu, kumwogopesha mmoja ni kupoteza theluthi ya macho ya nyumba nzima.

Wallahu a'lam.