Jibu la Hapana

Mtu akiuliza swali dogo akapewa jibu la kweli, je, ana haki ya kulifanya kuwa jibu la swali kubwa? Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa la wanafalsafa peke yao, lakini katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, huamuliwa mbele ya kila mgonjwa wa homa.

Nchi hiyo ya Waha ina malaria nyingi. Ina pia historia ndefu ya malale, maradhi yaenezwayo na mbung'o wa misitu ya miombo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu yake. Malale ya Afrika ya Mashariki huanza kwa homa na maumivu ya kichwa, kama malaria. Yasipotibiwa huingia ubongoni, na kwa kawaida huua katika muda wa miezi.

Zamani tone la damu ya mwenye homa lilitazamwa kwa hadubini. Mpimaji alitafuta vimelea vya malaria, na mara nyingine akaona vya malale, ambavyo hakuvitafuta. Siku hizi zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka cha malaria. Kukilaumu ni kukosa shukrani: hakihitaji umeme, hujibu kabla ya nusu saa kupita, na huzuia dawa kupewa asiyeihitaji. Lakini hujibu swali moja tu. Kikisema hapana, kimesema kuwa dalili ya malaria haikuonekana katika damu. Hakikusema kuwa mtu ni mzima.

Mrina asali atokaye porini na homa ya juma la pili, akiambiwa, "Huna ugonjwa," amedhulumiwa, ingawa kipimo hakikusema uongo. Uongo umeongezwa na mwanadamu aliyelitanua jibu kupita kiasi chake.

Yaweza kutetewa kuwa zahanati maskini haiwezi kuchunguza kila maradhi. Ni kweli, wala hapana mtu awajibikaye kujua yote. Lakini kumwuliza mgonjwa alikotoka, kama aliumwa na mbung'o, na kumpeleka penye hadubini, hakuhitaji utajiri. Udhuru umepungua zaidi tangu mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kutibu malale haya kwa watu wazima na kwa watoto waliotimiza miaka 6 na kilo 20. Walakini dawa haimtafuti mgonjwa, humngoja atambuliwe.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwenye kupima wenzake ana wajibu wa kuuliza tena baada ya jibu la kwanza, maadamu homa ingalipo.