Deni kwa Tusichokiona

Hapa Rubya, penye migomba na mibuni, bahari ni habari ya kusimuliwa. Nathubutuje basi kuwaandikia watu wa visiwani juu ya matumbawe? Sababu yangu ni samaki mdogo aitwaye furu.

Utotoni mwangu furu waliletwa kwa baiskeli kutoka Ziwa Viktoria, wamekaushwa. Sangara alikwisha pandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950. Alipozidi, katika miaka ya 1980, aina nyingi za furu zikatoweka, nyingine kabla ya kupewa jina na mtaalamu yeyote. Uso wa ziwa ukabaki kumeta vilevile, na sisi hatukuomboleza.

Hayo niliyakumbuka niliposoma habari za Chagos, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi. Novemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth walipeleka kamera chini wakaona matumbawe yamepauka hadi kina cha mita 90, ilhali ya juu yalikuwa na rangi zake. Maji ya moto yalikuwa yamesukumwa chini. Palipokuwa na nyuzi 22 hapo awali, sasa palikuwa na 29. Tumbawe likizidiwa na joto huvifukuza vijimea vinavyolilisha, likabaki jeupe kama mfupa. Na wengi walikuwa wametumaini kwamba kina ndicho kingekuwa kimbilio! Watafiti waliporejea mwaka 2020 na 2022, sehemu kubwa ilikuwa imepona. Lakini walionya kwamba kadiri dunia inavyopata joto, maradhi hayo yaweza kurudi mara kwa mara.

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza. Tumeufanya usemi huo udhuru: nani atamlaumu mtu kwa asichokiona? Mimi naona kinyume. Apitaye gizani ndiye apasaye kupunguza mwendo, kwa kuwa hajui amkanyagaye. Mvuvi wa baruti, pamoja na ubaya wake, huwaona samaki aliowaua wakielea. Sisi tuchomao mafuta, nami nikiwamo kila nipandapo basi la Dar es Salaam, hatuoni chochote.

Nilijaribu kumtafsiria mama habari hiyo kwa Kihaya. Nikakosa neno la tumbawe, nikasema ni mawe yenye uhai. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yana mwenyewe?"