"Nilifuata Ramani": Je, Huo Ni Ukweli?

Jumapili tulisoma Luka 10, pale mwanasheria alipomjaribu Yesu. Mimi nilikwama mstari wa 26. Yesu hakuuliza tu torati imeandikwa nini. Aliuliza pia yeye anaisomaje. Hayo ni maswali mawili, na tofauti yake niliijua nikiwa na drili mkononi.

Kabla sijahamia hapa Masalani, nilifanya kibarua kwa mzee mmoja nje ya Nairobi aliyekuwa akiunda ndege ndogo nyumbani kwake. Usicheke, watu wanaunda, kwa ramani ya kununua na subira ya miaka. Mimi ni fundi wa mabati, basi nikapewa bawa.

Ramani ilichora bawa la kushoto peke yake. Pembeni, kwa maandishi madogo, iliambiwa kwamba la kulia ni hilohilo ila limegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Maandishi niliyaona. Nikajiambia, "Hiyo najua." Nikapima mhimili wa bawa la kulia kutoka ukingo usiofaa, nikatoboa. Matundu mawili yakaangukia karibu mno na ukingo. Kanuni ni kwamba kutoka katikati ya tundu hadi ukingo pawe angalau mara mbili ya upana wa ribiti, la sivyo chuma kinaweza kupasuka kikibeba mzigo.

Jioni mzee akaniuliza kazi imeendaje. Nikajibu, "Nimefuata ramani, mzee." Na matundu nilikuwa nimeshayaona! Lakini si ramani nilikuwa nayo mkononi kutwa nzima? Tena bati la juu lingefunika kila kitu. Hakuna ambaye angejua, mpaka siku ndege iko juu na mtu yuko ndani.

Usiku sikulala. Nilichofuata haikuwa ramani, ni nilivyoisoma mimi. Asubuhi nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliuweka kando mhimili wote, kazi ya wiki mbili, kisha akasema, "Usipime mchoro kwa rula. Soma namba iliyoandikwa. Usipoelewa, muulize aliyechora."

Hata ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipita hapo. Mwaka 1901 ndege yao isiyo na injini haikuinuka kama hesabu ilivyosema. Wakashuku majedwali ya Mjerumani Otto Lilienthal. Walipopima wenyewe, walikuta majedwali hayakuwa mabaya walivyodhani. Namba nyingine ya zamani waliyotumia kwenye hesabu ndiyo ilikuwa kubwa mno, na bawa alilopima Lilienthal halikuwa na umbo la bawa lao. Baada ya kukubali kupima upya, ndipo wakaruka kwa injini, tarehe 17 Desemba 1903, sekunde 12 tu kwa mara ya kwanza.

Mtu atasema, "Lakini kila mtu husoma kwa akili yake, sasa kosa liko wapi?" Ni kweli, hakuna asomaye bila akili yake. Kutoelewa si dhambi. Dhambi ni kulipa wazo langu jina la mwenye ramani, halafu nikatae kuuliza. Muuguzi akiandika 1x3, na mgonjwa ameze vidonge vitatu kwa mpigo, karatasi haikukosea. Lakini anayeumia ni nani?

Ndivyo tunavyofanya na Neno. Mume anamnyamazisha mkewe, anasema, "Imeandikwa." Mzazi anampiga mtoto kupita kiasi, anasema, "Imeandikwa." Ndugu yangu, imeandikwa, sawa. Wewe umesomaje? Na ni nani atakayepanda bawa hilo?

Yule Mwethiopia wa Matendo 8 alikuwa mkubwa serikalini, lakini hakuona aibu kumwambia Filipo kwamba hawezi kuelewa bila wa kumwongoza. Akamkaribisha garini.

Wiki hii, kabla hujasema "nimefuata," rudi kwenye maandishi madogo. Na kama umeshatoboa vibaya, sema mapema, bati halijafunika.