Ngoma ya Msiba na Muziki wa Sinema

Jicho lina kope, sikio halina. Asiyependa kuona hufumba macho. Asiyependa kusikia hana budi kuziba masikio kwa mikono, na mikono huchoka. Kwa hiyo mpiga muziki ana mamlaka juu ya mioyo ya watu ambayo msemaji hana. Neno hupimwa na akili kabla halijakubaliwa; sauti hufika moyoni kabla haijapimwa. Hapo huzuka swali la haki. Je, ni halali kumchekesha mtu au kumliza kwa sauti ambayo hamwoni mpigaji wake, wala hakumbuki kuwa anaisikia?

Swali hili humhusu zaidi mtungaji wa muziki wa sinema. Mwimbaji husimama mbele ya watu akasifiwa au akazomewa. Mtungaji wa sinema hukaa nyuma ya picha. Mmoja katika mafundi wakubwa wa kazi hiyo alikuwa Henry Mancini, aliyezaliwa Cleveland, Marekani, mwaka 1924, akafariki mwaka 1994. Baba yake, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma, na ndiye aliyemfundisha kupiga filimbi. Mwaka 1952 aliajiriwa na kampuni ya Universal, akatunga muziki wa picha nyingi ambazo jina lake halikutajwa. Sifa ilimjia baadaye: hata anakufa alikuwa amepata tuzo 4 za Oscar na 20 za Grammy.

Kazi yake moja inaihusu Tanzania. Picha iitwayo Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks, ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, ikaonyeshwa mwaka 1962. Habari yake ni ya watu wanaokamata wanyama wa porini ili wapelekwe katika bustani za wanyama za ng'ambo. Wachezaji wenyewe waliwafukuza kwa magari wanyama wa kweli, na hofu ya wanyama hao haikuwa ya kuigiza. Katikati ya mbio hizo yumo mtoto wa tembo ambaye mama yake ameuawa. Mwanamke mmoja humwonea huruma akamlea. Kisha huongezeka wengine, wakawa watatu wanaomfuata kwenda majini. Kwa mwendo huo Mancini alitunga muziki usio na maneno, "Baby Elephant Walk", yaani matembezi ya mtoto wa tembo. Alitumia kaliopi, ambayo ni kinanda cha sarakasi, pamoja na klarineti, akapata sauti nzito na ya kitoto kwa wakati mmoja. Muziki huo ulimpa tuzo ya Grammy, ukapendwa hata na watu wasioiona picha yenyewe.

Mshitaki atasema kwamba huo ni ushahidi wa uongo. Yatima wanaonekana kama watoto walio arusini. Kinanda cha sarakasi chamkumbusha mtazamaji tembo aliyefunzwa kucheza, si tembo aliyeondolewa kwao. Mtazamaji acheka, na akiisha kucheka haulizi tena. Hukumu imetolewa kabla ya kesi kusikizwa.

Shitaka hili ni zito, lakini lapasa kupimwa kwa mizani iliyo nje ya sinema, mahali ambapo muziki huongoza moyo uliofiwa mbele ya macho ya watu wote. Mizani hiyo yapatikana Rungwe. Godfrey na Monica Wilson, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika kwa kirefu juu ya mazishi ya nchi hiyo. Wanawake walilia maiti. Wanaume walicheza na mikuki mikononi, ngoma zikipigwa, ng'ombe wakichinjwa. Kadiri siku zilivyopita mchezo uligeuka, majonzi yakapungua, vijana wakarudia furaha yao. Wakristo walioiacha ngoma walishika nyimbo za kanisa, nazo zilifanya kazi iyo hiyo ya kumwinua aliyeanguka. Mgeni aliyepita Tukuyu akasikia ngoma ile kwa mbali angeweza kudhani kuwa watu hawana huzuni. Angekosea. Waswahili husema kifo cha wengi arusi, na katika neno hilo hakuna dharau kwa marehemu.

Basi furaha baada ya kifo si uongo kwa asili yake. Yatima naye hana budi kunywa maji, na mwendo wake wa kwenda kunywa ni wa kuchekesha kweli. Katika jambo hili Mancini hakusema uongo, kwa kuwa picha ilikwisha kutaja kifo cha mama kabla muziki haujaanza. Lakini katika mazishi ya Rungwe mlikuwa na mambo matatu. Maiti ilionekana kwanza. Mpiga ngoma alionekana. Na aliyefiwa alicheza kwa miguu yake mwenyewe, wala hakuchezewa. Sinema hulitimiza la kwanza ikipenda, la pili haliwezi, na la tatu humwachia mtazamaji aliyekaa gizani. Na muziki ukitolewa katika picha ukauzwa peke yake, hata lile la kwanza hupotea: kicheko husafiri duniani, kaburi hubaki nyuma. Tena wale wanyama wengine waliofungwa wakasafirishwa hawakupigiwa ngoma yoyote ya msiba.

Kumwongoza mtu moyo si kosa. Kosa ni kumwongoza apite mbali na kaburi asilione. Mtumishi aliyefichika ana wajibu mkubwa kuliko aliye mbele ya watu, kwa sababu hakuna wa kumzomea. Na msikilizaji naye ana wajibu wake, kwa kuwa sikio lisilo na kope lina akili jirani yake. Mwaka 1989 Mancini alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu ni swali: je, walitaja muziki? Swali hilo ni la haki kuliko linavyoonekana. Kuutaja muziki ni kumsifu mtungaji. Ni kumwita vilevile atoe hesabu.