Kuhama na Kuhamishwa

Jamani waandishi wenzangu, kitenzi hama si cha kuchezea. Mchimbaji akifuata dhahabu toka Shinyanga hadi Geita, amehamia. Hiari ni yake. Tia -ish-, anaingia mtu wa pili: anayehamisha. Tia -w-, huyo anaweza kujificha: "wamehamishwa". Na nani? Kitenzi kimya!

Agosti 1996, wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, Kahama, walihamishwa kwa amri ya serikali. Mtu akiandika eti "walihama", sarufi haimkamati, lakini amewadhulumu: amewabebesha uamuzi wa mwingine. Akiandika "walihamishwa" kisha akanyamaza, kasema nusu. Mimi ninayeota kuandika riwaya naona uadilifu wetu unaanzia hapo, kwenye silabi: tumtaje aliyehamisha.